Tulipoipangia Sauti Bei

Kati ya watu kumi na wawili tuliofungiwa katika chumba kile, hakuna aliyekuwa mwanasheria wala tabibu. Palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, fundi bomba, mstaafu wa jeshi la majini, mama muuza maua, kijana wa benki, na wengine ambao kazi zao nimezisahau. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya mizigo bandarini Oakland, California, mzaliwa wa Mombasa niliyepata uraia wa Marekani miaka michache kabla ya hapo. Ulikuwa mwaka 1986. Tulitakiwa tuamue kama daktari bingwa wa upasuaji alifanya uzembe, na ikiwa alifanya, mgonjwa wake alipwe kiasi gani.

Vijana wetu wanaosoma sheria huniuliza habari za kesi ile, nami huwaambia kwamba swali la uzembe lilitusumbua kidogo. La fedha ndilo lililotutoa jasho, na mpaka leo sijaona kwamba limekwisha.

Nilikulia katika Kenya ya mkoloni, ambako jopo la raia lilikuwa jambo la Wazungu. Mzungu akishtakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na jopo la Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee wa baraza, na maoni ya wazee wale jaji hakulazimika kuyafuata. Basi samansi iliponijia kwa posta ikiniita kwenye jengo la mahakama kando ya Ziwa Merritt, kwa posho ya dola tano kwa siku, wenzangu kazini walinipa pole. Mimi nilipiga koti pasi.

Mawakili wa pande zote mbili walituhoji kabla hatujaapa. Je, una ndugu daktari? Umewahi kumshtaki mtu? Unaamini kwamba maumivu yanaweza kulipwa kwa fedha? Mama mmoja aliyekuwa muuguzi aliruhusiwa kurudi nyumbani, na mzee mmoja aliyesema kwamba kila kitu ni kudra ya Mungu naye akaruhusiwa. Mimi nilisema kazi yangu ni kuhesabu mizigo ya watu wengine, wakacheka, nikabaki.

Mdai alikuwa bibi Mmarekani mweusi wa miaka sitini na saba, mjane, mstaafu. Alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya shingo, lile gonjwa ambalo kwetu huitwa rovu, akapelekwa kukatwa. Nyuma ya tezi ile, kila upande, hupita neva nyembamba inayopanda hadi kwenye zoloto na kuziendesha nyuzi za sauti. Ikikatwa ya upande mmoja, uzi wa upande huo hupooza na sauti hukwaruza. Zikikatwa zote mbili, hata pumzi huwa mashaka. Bibi huyu alikatwa ya upande mmoja. Aliingia chumba cha upasuaji akiwa na sauti, akazinduka hana.

Walikuja mashahidi wataalamu, mmoja kwa kila upande, wote madaktari wa upasuaji wenye majina makubwa. Wa mdai alituonyesha kwa picha kwamba daktari makini huitafuta neva kwanza, aione kwa macho yake, ndipo akate karibu nayo. Katika taarifa ya upasuaji huu, alisema, hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba neva ilionekana. Wa mdaiwa akajibu kwamba hata mikononi mwa fundi mwenye uzoefu neva ile huumia wakati mwingine, na ndiyo maana hatari hiyo imeandikwa katika fomu aliyoitia mgonjwa saini. Hayo yalikuwa mabishano ya watu wanaoelewana lugha, nasi tuliyafuata vizuri.

Kisha akapanda bibi mwenyewe kizimbani. Alizungumza kwa mnong'ono uliokatikakatika, jaji akawa anamwomba arudie, hadi mwandishi wa mahakama akasogeza kiti chake karibu naye ili ayanase maneno. Tangu usichana aliimba katika kwaya ya kanisa lake. Wakili wake alichezesha kanda iliyorekodiwa Pasaka ya mwaka mmoja kabla ya upasuaji, nasi tukaisikia ile sauti iliyokuwapo. Wakili wa mdaiwa alikuwa mtu wa adabu, hakumsumbua. Alimuuliza swali moja tu ambalo sijalisahau: je, aliwahi kulipwa kwa kuimba? Bibi akatikisa kichwa. Wakili akamshukuru, akaketi.

Wakati ule nilidhani ni swali la mtu aliyeishiwa hoja. Kumbe alikuwa anajua sheria ambayo sisi hatukuambiwa.

Siku ya hoja za mwisho, wakili wa mdai alifanya jambo ambalo mahakama za California ziliruhusu tangu 1966: aliyagawa maumivu kwa siku. Jedwali la makadirio ya umri, alisema, linampa mteja wake miaka kumi na sita zaidi. Je, dola mia moja ni nyingi kwa siku nzima ya kunong'ona? Akaandika ubaoni: 584,000. Baadhi ya majimbo ya Marekani, kama New Jersey, yalikuwa yamekwisha kupiga marufuku hesabu ya namna hiyo, kwa hoja kwamba inavisha makisio vazi la sayansi. Mimi kama karani niliona hesabu yenyewe haina kosa. Shida ilikuwa ile mia moja: imetoka wapi? Wakili alipotaka kutuomba tujiweke mahali pa bibi yule, mpinzani wake aliruka akapinga, na jaji akamkatiza. Kumtaka mwanajopo aamue kana kwamba mwili ulioumizwa ni wake hakuruhusiwi.

Jaji akatusomea maelekezo. Hasara za fedha, yaani gharama za matibabu zilizopita na zijazo, tuzihesabu kwa ushahidi. Kuhusu maumivu, dhiki ya moyo na kupotewa na raha ya maisha, sheria haikuweka kipimo wala kanuni ya kukokotoa. Tutumie busara, tutoe kiasi cha haki. Tusifikirie kama daktari ana bima, wala wakili atachukua ngapi. Kwa kesi ya madai, watu tisa kati ya kumi na wawili wakikubaliana inatosha.

Swali la uzembe tulilimaliza kabla ya chakula cha mchana, kumi dhidi ya wawili. Ile taarifa isiyotaja neva ndiyo iliyomhukumu daktari. Hasara za fedha nazo zilikuwa na stakabadhi: dola 38,000, pamoja na matibabu ya sauti ya miaka iliyobaki. Hapo nilipewa kalamu kwa sababu ya kazi yangu.

Tukafika kwenye mstari wa mwisho wa fomu, na chumba kikabadilika.

Mstaafu wa jeshi, mmoja wa wale wawili, alipendekeza tumpe gharama za hospitali tu na tuandike sifuri kwenye maumivu. Alisema wazi kwamba haamini daktari ana kosa, lakini kama wengi wameamua, basi kiasi kiwe kidogo ili kila mmoja apate lake. Mwalimu alimjibu kwa ukali kwamba swali la kosa limekwisha, haliwezi kurudishwa kupitia mlango wa fedha. Baadaye nilipokuja kusoma nilikuta mahakama zinaujua sana mtego ule. Jopo likitoa kiasi kidogo kupita kiasi, jaji anaweza kushuku kwamba wanajopo wamenunuliana kura, na akaamuru kesi irudiwe. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya California ilitengua uamuzi wa jopo lililomlipa mtu gharama zake lakini likaandika sifuri kwa maumivu, ilhali alikuwa amefanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma shingoni. Upasuaji bila maumivu, walisema majaji kwa maana hiyo, haupo.

Kijana wa benki akatoa rai ya kibenki: kila mtu aandike kiasi chake kwenye karatasi, tujumlishe, tugawanye kwa kumi na wawili, litakalotoka ndilo jibu. Wengi walikubali papo hapo kwa uchovu. Mama muuza maua ndiye aliyekataa. Alikumbuka kwamba jaji alitukataza kuamua kwa bahati nasibu, na kukubaliana mapema kufuata wastani ni bahati nasibu yenye mavazi ya hesabu. Alikuwa sahihi: uamuzi uliopatikana hivyo unaweza kufutwa. Tukaafikiana kwamba karatasi ziandikwe, lakini wastani uwe mahali pa kuanzia mazungumzo tu.

Nilizifungua karatasi mimi. Ya chini ilikuwa 50,000, ya juu milioni moja. Wastani ukakaribia 380,000. Ndipo mazungumzo yenyewe yakaanza, na hayo ndiyo ninayoyakumbuka kuliko ushahidi wote. Fundi bomba alisema sauti ya kuimba kanisani ni starehe, na starehe haina bei, kwa hiyo isilipwe sana. Mwalimu akasema yeye anaishi kwa sauti, akiipoteza leo darasa limekwisha. Kijana wa benki akamkumbusha kwamba bibi hakuwa mwalimu. Nikauliza: kwani mtu asiyelipwa kwa kazi yake hana anachopoteza? Nikawaeleza kwamba kwetu Mombasa wapo akina mama waimbao taarabu na lelemama harusini, wengine bila malipo ya maana, na mtaa mzima huwajua kwa sauti kabla ya sura. Mmoja wao akinyamazishwa, hakuna mshahara uliokatika, lakini hakuna atakayesema hajapoteza kitu.

Sidai kwamba niliwashinda. Kila mmoja alisogea kidogo, na mwisho kumi walikubaliana juu ya 450,000. Jumla ikawa dola 488,000. Msemaji wetu alitia saini, jaji akatushukuru kwa kutimiza wajibu wa uraia, tukaruhusiwa.

Nje, ukumbini, wakili wa mdai alikuja kutuuliza tulivyofikiri, kwa kuwa baada ya uamuzi mwanajopo anaruhusiwa kuzungumza. Mwalimu alimwambia anatumaini bibi ataishi vizuri na fedha zile. Wakili akatazama chini, akatwambia: zile 450,000 zitakuwa 250,000. Jaji atazipunguza. Si kwamba mmekosea, ndiyo sheria. Mwalimu akauliza kwa nini hatukuambiwa. Wakili akasema jopo haliambiwi.

Nilijiona kama karani aliyefunga hesabu za mwaka, kisha akaambiwa salio lilikwisha andikwa kabla ya Januari. Jioni zilizofuata nilikwenda maktaba kuitafuta sheria hiyo.

Ilitungwa mwaka 1975. Kampuni za bima zilikuwa zimepandisha mno ada za madaktari, na nyingine kutishia kujitoa. Mwezi Mei mwaka ule madaktari wa dawa ya usingizi kaskazini mwa California waligoma, na hospitali zikaahirisha upasuaji usio wa dharura. Gavana Jerry Brown aliita kikao maalumu cha bunge la jimbo, na Septemba akatia saini sheria yenye mambo manne makubwa. Fidia ya maumivu isizidi dola 250,000 kwa kesi yoyote ya uzembe wa matibabu, awe kipofu, awe kiwete, awe mtoto aliyeharibika ubongo. Ada ya wakili ishuke kadiri fidia inavyopanda. Fidia ya siku zijazo ikifika 50,000 mdaiwa aweze kuomba ailipe kwa mafungu, na mdai akifariki, mafungu ya maumivu yakome. Na jopo liweze kusikia kwamba bima ya mgonjwa mwenyewe imekwisha kulipa baadhi ya gharama.

Watetezi wa sheria hawakuwa watu waovu. Walisema maumivu hayana risiti, majopo yanatofautiana kama tulivyotofautiana sisi, na bila kikomo hakuna kampuni inayoweza kukadiria ada. Wazazi wangebaki bila wakunga, wagonjwa bila wapasuaji. Mwaka 1985, mwaka mmoja tu kabla yetu, Mahakama ya Juu ya California iliikubali sheria hiyo kwa kura nne dhidi ya tatu, katika kesi ambayo jopo lilitoa 500,000 kwa maumivu zikakatwa nusu. Wapinzani nao walidai kwamba kilichotuliza ada za bima baadaye ni sheria nyingine, ile ya kudhibiti viwango vya bima iliyopitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 1988.

Mimi nilipiga hesabu za bibi yetu. Kwa viwango vya ada vya wakati ule, wakili alistahili asilimia 40 ya 50,000 za kwanza, theluthi moja ya 50,000 za pili, robo ya 100,000 zinazofuata, na asilimia 10 ya zilizobaki. Katika 288,000 hizo ni zaidi kidogo ya 70,000, mbali na gharama za wataalamu. Kisha nikafanya hesabu nyingine, nikaelewa lile swali la wakili wa mdaiwa. Kikomo kiliwekwa kwenye maumivu peke yake. Mshahara uliopotea haukuwekewa kikomo. Neva ileile ingekatwa shingoni mwa mwimbaji mwenye mkataba, au meneja wa kampuni mwenye miaka arobaini, fidia ingeweza kufika mamilioni bila kugusa kikomo. Sheria inayoonekana kuwatendea watu wote sawa inawakata zaidi wasio na hati ya mshahara: mama wa nyumbani, mtoto, mzee, mstaafu anayeimba bure.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi Mombasa kusalimia jamaa, nikamsimulia mjomba wangu, mtu aliyesoma fiqhi kwa masheikh wa Kibokoni.

"Vitabuni," akanambia, "diya ya mtu ni ngamia mia. Mikono miwili, diya kamili, mmoja, nusu. Kidole, ngamia kumi. Ulimi, kamili. Akipoteza usemi, kamili vilevile."

"Na akibaki na nusu ya usemi, mjomba?"

"Huhesabiwa herufi alizoshindwa kutamka, katika zile ishirini na nane za Kiarabu. Lisilotajwa vitabuni huachiwa makadirio ya kadhi."

Nikamuuliza kama ndivyo pia kwa mwanamke. Akakiri kwamba wanazuoni wa zamani wengi walimwekea nusu. Nikamwambia bibi wa Oakland naye hakuwa mbali na nusu. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini kitabu kilikuwa wazi mwanangu. Aliyepigwa na aliyepiga wote walikijua. Nyinyi waliwaapisha mfanye nini?"

Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Nilijua kwamba Kenya nayo ina njia yake: jaji huamua peke yake bila jopo, hulinganisha na kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana, huandika sababu, na mahakama ya rufaa huingilia iwapo kiasi ni kikubwa au kidogo kupita kiasi, au kimejengwa juu ya kanuni isiyo sahihi. Mtu anaweza kulalamika kwamba viwango vyetu ni vya chini, na wengi hulalamika. Lakini aliyeamua anajulikana, na sababu zake zinasomeka.

Marekani yenyewe haijakubaliana. Texas iliweka kikomo chake 2003. Illinois ilikitupa cha kwake 2010. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Georgia, kwa kauli moja, ilikiondoa kikomo cha 350,000 katika kesi ya mwanamke aliyeharibiwa uso kwa upasuaji wa urembo, ambaye jopo lilimpa 900,000 kwa mateso yake na mumewe 250,000. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba katiba ya jimbo inalinda haki ya kuamuliwa na jopo, na kupunguza kile jopo limepata kuwa haki ni kuinyang'anya haki hiyo. Florida ikafuata 2017. California iliendelea na 250,000 zilezile zisizopandishwa hata senti kwa mfumuko wa bei, ingawa za 1975 zingekuwa zaidi ya milioni moja na robo kufikia 2022. Mwaka 2014 wananchi waliombwa wapige kura kuiongeza, theluthi mbili wakakataa. Ni 2022 ndipo madaktari, kampuni za bima na mawakili walipopatana bila kura ya wananchi: kuanzia Januari 2023 kikomo kikawa 350,000 kwa aliyeumia na 500,000 kwa kifo, vikipanda kila mwaka kwa miaka kumi hadi 750,000 na milioni moja.

Bibi yule angekuwa mdai leo, angekuja karibu zaidi na kile tulichomwandikia. Hilo ni jema. Hata hivyo, kilichonikera hakijaguswa. Nikiambiwa kwamba jamii haiwezi kulipa maumivu yote, nitasikiliza, maana nimefanya kazi ya hesabu maisha yangu yote na najua kila mfuko una kitako. Nisichoweza kukubali ni kuwaita watu kumi na wawili kutoka kazini, kuwaapisha watafute kiasi cha haki, kuwaacha wabishane hadi koo ziwakauke juu ya thamani ya sauti ya mwenzao, huku chumbani kila mtu aliyevaa suti anajua jibu la juu kabisa isipokuwa wao. Tungeambiwa, pengine tungeandika kiasi kilekile. Mstaafu wa jeshi angepunguza, mwalimu angeongeza, sijali. Serikali iliyoamua bei ina wajibu wa kuitangaza mbele ya wale inaowaapisha, na ibebe lawama yake yenyewe kwa jina lake.